Namba moja kwenye daftari

Nilikuwa nimesimama stendi ya Mbagala Rangi Tatu, dumu la mafuta ya kula mkono mmoja, mfuko wa dagaa mkono mwingine, nasubiri gari la Chamazi. Nikasikia "Mama! Mama!" Sikugeuka. Pale stendi kila mwanamke mzima ni mama. Akaita tena, safari hii kwa jina la mwanangu wa kwanza. Nikageuka.

Dada yetu wa kazi wa zamani. Alikaa kwetu miaka mitatu. Alikuwa na beseni la karanga na ubuyu, nywele amesuka, kanga kaifunga kiunoni kama mtu mwenye shughuli zake. Tukakumbatiana beseni likiwa katikati. Akaulizia watoto mmoja mmoja, na mdogo akamuulizia mara mbili. Akanitumbukizia pakiti mbili za karanga kwenye mfuko, hela akakataa.

Kisha akasogea, akauliza kwa sauti ya chini, ile ya kuulizia mgonjwa:

"Mama, lile deni mlimaliza?"

Nikashtuka. Nikamjibu tumemaliza, mwezi wa sita.

"Mungu mkubwa," akasema, na nilimwona kabisa amefurahi. "Maana nilijiona kwenye daftari. Namba moja."

Gari likaingia, watu wakaanza kugombania mlango, nami nikagombania nao. Nilipopata pa kushika ndipo nikaelewa alichosema.

Hii ni wiki ya saba tangu siku ile.

## Daftari lenyewe

Ni kaunta buku ya kwaya mbili, kama zile tunazoandikia maandalio ya masomo. Tulilifungua Februari 2024, Jumapili usiku, watoto wamelala. Mimi na baba watoto tulikubaliana kila mtu ataje madeni yake yote, hakuna kuficha na hakuna kununa. Kununa tulinuna. Mimi sikuwa na habari ya fundi wa madirisha ya aluminiamu, yeye hakuwa na habari ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa.

Kikoba, 1,200,000. Kausha damu, 780,000. Ada za watoto, 640,000. Fundi, 400,000. Duka la Mangi, 186,500. Programu mbili za mikopo za kwenye simu, 164,000. Mwalimu mwenzangu, 150,000. Na lile deni la mtandao wa simu, ambalo ukitumiwa hela wanaimega kabla hujaiona, 47,500. Mkopo wa benki tuliopaulia nyumba hatukuuandika, ule unajikata wenyewe.

Jumla ikaja 3,568,000. Baba watoto akapiga mistari miwili chini yake, kama ninavyofundisha darasa la nne.

Halafu akafungua ukurasa wa pili, akaandika juu kwa herufi kubwa: KUPUNGUZA.

Namba moja: dada, 80,000.

Wala hatukubishana. King'amuzi tulikibishania nusu saa nzima, nani anaangalia mpira, nani anaangalia tamthilia, kifurushi gani kinatosha. Dada aliandikwa kwa pumzi moja, tukaenda namba mbili.

Tulidhani tunaongea chumbani. Nyumba yetu mpaka leo haina dari. Kuta zinaishia katikati, juu ni mbao na bati, na ukikohoa chumba cha mwisho, mtu wa sebuleni anakupa pole. Halafu daftari lilikuwa linakaa juu ya friji. Juu ya friji alikuwa anafuta vumbi nani? Na yule binti alimaliza kidato cha nne.

## Droo ya mtu

Wanaonifahamu watashangaa mwalimu wa hesabu kuingia kausha damu, kwa hiyo acha nieleze.

Mshahara wangu Bodi ya Mikopo ya chuo inachukua asilimia 15 yake kabla sijauona. Benki nayo inachukua chake. Utaratibu unataka makato yakimaliza kula, theluthi moja ya mshahara ibaki kwa mwenyewe. Mama yangu alipolazwa nilikimbilia benki kuongeza mkopo, afisa akaangalia slipu yangu, akatikisa kichwa. "Theluthi yako imeshaguswa, mwalimu." Utaratibu mzuri kabisa, umewekwa kunilinda. Lakini hospitali walikuwa wanataka hela jioni ile, na mwenye droo haulizi habari ya theluthi.

Anataka kadi ya benki na namba ya siri.

Nikampa. Akafungua droo ya meza yake, na hapo ndipo nilipopaswa kuomba kadi yangu nikimbie. Mle ndani kulikuwa na mafungu ya kadi yamefungwa kwa raba bendi, kila fungu na kikaratasi chenye jina la shule. Nilitafuta letu kwa macho. Lilikuwa nene. Unajua, niliona afadhali? Nilijisemea kumbe siko peke yangu.

Alinipa 600,000 kwa asilimia 30 ya mwezi. Yaani 180,000 kila mshahara ukitoka, na ile 600,000 imekaa pale pale inakuangalia. Nililipa riba tupu miezi mitano, 900,000 ikaondoka, na siku tunafungua daftari bado alikuwa ananidai 780,000. Benki Kuu imeshaweka kikomo kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo kama ule ni 21,000. Tofauti ya 21,000 na 180,000 mtoto wa darasa la tano anaielewa kwa kipindi kimoja. Mimi ilinichukua miezi mitano, na sikuielewa kwa akili, niliielewa kwa kukosa nauli.

Tulitoka kwa vigae. Tulikuwa na maboksi 40 yamepangwa ukutani, tuliyanunua 26,000 kila moja tukiwa na ndoto zetu. Tukayauza kwa 17,000. Ikapatikana 680,000, baba watoto akaongeza 100,000 ya kwake, tukaenda wote kuchukua kadi. Njia nzima hakuongea. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, pale vigae vilipokuwa, akasema:

"Kwa hiyo ulikuwa unaniomba nauli, na mshahara umetoka."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Habari ya zile programu za simu sitairefusha, wengi mnaijua. Ukichelewa siku mbili wanaanza kuwatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yako. Mimi walianza na mkwe wangu, wakaenda kwa mchungaji, wakamalizia kwa mzazi wa mwanafunzi wangu. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, ofisini kwetu walimu waliinama kwenye simu zao kimya, kila mtu anaitafuta ya kwake, na kila mtu akijifanya anasoma kitu kingine.

## Kula kwa hesabu

Jambo moja lilinikera kuliko kula dagaa kila siku. Nilipoanza kuandika kila shilingi, niligundua tulipokuwa tumebanwa zaidi ndipo tulipokuwa tunanunua kwa bei ya juu zaidi. Mafuta ya kupimiwa kwa koroboi. Unga nusu. Sukari ya kufungwa kwenye kimfuko cha plastiki. Mkaa wa kopo. Kwa mwezi ukijumlisha, ungeshanunua dumu na kiroba na ukabakiwa na chenji. Lakini hela ya kiroba inatoka wapi kwa siku moja? Hapo ndipo penye mtego. Tuliuvuka kwa kuchukua king'amuzi (nilishinda ule ubishi) tukakiuza, tukanunua kiroba cha kilo 25 na dumu la lita tano, na tangu hapo hatukurudi kwenye koroboi. Watu wanapenda kusema kubana matumizi kunahitaji nidhamu. Kunahitaji kiroba cha kwanza.

Mengine yalikuwa ya kawaida. Maharage yanalowekwa usiku, yanachemshwa mara moja kwa wiki kwa mkaa, gesi inabaki ya chai. Matembele nikayapanda pale maji ya bafuni yanapotokea. Yakastawi mpaka majirani wakawa wanaomba. Kwenda kazini gari, kurudi mguu.

Watoto tukawahamishia Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali. Hili lilikuwa zito, na nasema kwa aibu, kwa sababu mimi nafundisha Kayumba. Kila asubuhi nilikuwa nawapandisha wangu kwenye basi la njano, halafu naenda kuwafundisha wa wenzangu. Ada serikali ilishaifuta, na mimi ni mmoja wa waliokuwa wanawaambia wazazi kwenye vikao kwamba elimu yetu ni nzuri. Binti alilia siku mbili. Wa kiume, alikuwa na miaka sita, alirudi siku ya kwanza akasema, "Mama, huku tunakaa watatu dawati moja!" kama anayetangaza ushindi.

Michango ya harusi niliiacha. Kwenye makundi ya kamati nilijifunza kuandika: "Sina, ila nitakuja kuosha vyombo." Nilikwenda kweli, harusi mbili, na sijawahi kula pilau ya moto kiasi kile, maana jikoni ndiko inakotokea.

Mama yangu kijijini nilikuwa namtumia 50,000 kila mwezi. Ikashuka mpaka 20,000. Nilimpigia nikamweleza kila kitu, droo, kadi, vyote. Akanyamaza, akasema hata simu tu inatosha.

Nikiangalia nyuma, tulimweleza kila mtu. Tulikwenda kwa Mangi wote wawili tukaomba tulipe kidogo kidogo. Fundi wa madirisha baba watoto alimfuata mpaka kwake. Kwenye kikoba nilisimama mbele ya kina mama 22 nikaeleza, na mwenyekiti akanipigia makofi. Mwalimu mwenzangu tulielewana kwenye foleni ya chai.

Namba moja hatukumweleza.

## "Tutakuita"

Tulimwambia Jumamosi, aondoke Jumatatu. Maneno niliyasema mimi, na nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. "Nenda kwanza nyumbani ukapumzike. Mambo yakikaa sawa tutakuita." Ilikuwa katikati ya mwezi. Tukampa nauli ya Singida na 40,000, tukasema ile nusu nyingine tutamtumia.

Alisema, "Sawa, mama." Hakuuliza lini. Nilimsifu moyoni kwa kutouliza. Sasa ninajua kwa nini hakuuliza.

Jumatatu aliondoka alfajiri, mdogo akiwa amelala. Nilirudi kazini jioni, nimechoka, nimeshika kichwa nawaza chakula. Nikafungua sufuria kubwa. Maharage yalikuwa yameshalowekwa. Nguo za shule za wiki nzima zilikuwa zimepigwa pasi, zimekunjwa, kila mtoto na fungu lake.

Ile 40,000 ilikuwa tuitume mwisho wa mwezi. Kisha mwezi uliofuata. Kisha ikafika mahali ambapo kuituma kungehitaji maelezo, na mnajua deni likishaanza kuhitaji maelezo linavyokuwa. Daftarini haikuandikwa. Tulikuwa na kanuni kali, kila tunachodaiwa kiandikwe, na hiyo hatukuiandika, na hakuna kati yetu aliyeuliza.

Maisha yakajipanga upya. Mimi nikawa naamka saa kumi. Binti, miaka 11, akawa mtu wa vyombo na wa kumwogesha mdogo. Mdogo mwenyewe nikawa naenda naye shuleni, anakaa na watoto wa awali kwa hisani ya mwalimu wao. Amekaa awali muda mrefu kiasi kwamba nadhani hakuna mtu nchini anayejua irabu kama yeye.

Miezi 17. Mwezi wa sita 2025 kikoba kikafutwa, mstari wa mwisho, na baba watoto akapiga tena mistari miwili. Tulikunywa soda. Nilipowasimulia marafiki, wote waliuliza siri. Nikawaambia vigae, Kayumba, dagaa, matembele. Dada sikumtaja hata mara moja, na sikuwa naficha. Nilikuwa nimesahau kwamba yumo.

Baada ya Rangi Tatu nilipiga hesabu. Mara 80,000 kwa miezi 17 ni 1,360,000. Zaidi ya theluthi ya deni lote. Hakuna kilichotuokoa kama yeye, si vigae wala king'amuzi.

## Hoja za baba watoto

Nilikaa nayo wiki tatu kabla ya kumwambia. Alinisikiliza, akauliza swali la haki: "Angebaki, tungemlipa kwa nini? Si tungekopa tena?"

Ni kweli. Hata leo nikirudishwa usiku ule, naamini angeondoka tu. Familia inayokosa nauli haiwezi kuwa na mfanyakazi. Hilo silijutii, na sitajifanya nalijutia ili makala ipendeze.

"Sasa kinachokusumbua nini?"

Nikamwambia alisoma jina lake. Alijua wiki nzima kabla hatujamwambia. Alifuta vumbi juu ya friji, akasoma, akarudisha daftari palepale, akaendelea kupika. Kisha sisi tukaja na "ukapumzike."

Baba watoto akasema watu wote wa Dar wanafanya hivyo. Nikasema ndiyo.

Kesho yake nikaitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nimefundisha uraia miaka minane na sikuwahi kuifungua kwa ajili ya jikoni kwangu. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, au alipwe badala yake. Aliyefanya kazi zaidi ya mwaka, akiondolewa namna ile, ana kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka aliomaliza. Nikakuta na amri ya mishahara ya 2022, ambayo kwa mfanyakazi anayelala kwa mwajiri ilipanga kima cha chini 60,000. Sisi tulimpa 80,000, na nakiri nilikuwa nikijiona mkarimu kwa hiyo 20,000.

Nikachukua daftari. Notisi, tuseme mshahara wa mwezi, 80,000. Kiinua mgongo, baba watoto akagawanya kwa siku 26 za kazi, ikaja 3,077 kwa siku, mara 21, ikawa 64,617. Nusu mshahara tuliyoahidi, 40,000. Likizo alikuwa anakwenda kwao kila Desemba, hiyo nikajisamehe.

Jumla 184,617.

Tukaiangalia wote wawili. Ni pungufu ya deni la Mangi. Na Mangi tulimmaliza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, wakati tunakula dagaa asubuhi na jioni, kwa sababu dukani kwake tunapita kila siku na tusingeweza kumkwepa. Singida hatupiti.

Mpaka usiku ule nilikuwa nikiamini tulilipa kwa mpangilio wa riba, yenye riba kubwa kwanza. Hivyo ndivyo ninavyowaeleza watu. Ukisoma daftari kwa utulivu, ukiondoa kausha damu, tulilipa kwa mpangilio wa nani anaweza kutupigia kelele.

Namba yake ya simu sikuwa nayo. Nilifikiri nitarudi Rangi Tatu kumtafuta. Binti alikuwa anaosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Mimi ninayo." Kumbe wamekuwa wakipigiana muda wote, kwa simu ya baba yake, Jumapili mchana sisi tukiwa tumelala. Dada ndiye aliyemfundisha kukuna nazi kwa simu.

Hela tulikuwa nayo ya dari. Tulikuwa tumeshaanza kuweka, maana nimechoka kusikika. Tukaitoa humo. Nikatuma 185,000 na ya kutolea, nikaandika na ujumbe mrefu wenye neno samahani mara mbili, nikaufuta, nikaandika mfupi: ni nusu mshahara wako, notisi na kiinua mgongo, tulichelewa, utusamehe.

Nikakaa na simu mkononi. Baba watoto akajifanya anaangalia kucha zake.

Ujumbe ukaingia baada ya dakika kama kumi. Niliusoma, nikampa asome, na yeye akausoma kwa sauti, na nyumba isivyo na dari, binti akacheka kutoka jikoni.

"Mama nimeiona, asante sana. Lakini hii hamjaikopa?"